Baada ya mshale kutoka

Mshale ukishatoka, Mhadzabe hakimbii. Anabaki pale pale, uta ungali mkononi, macho hayabanduki mahali mnyama alipokuwa amesimama. Kundi la swalapala limeshatimka, vumbi limeinuka, kwato zinafifia kuelekea korongoni, na yeye bado anatazama pale. Kisha anasogeza macho taratibu hadi mahali alipomwona mara ya mwisho yule aliyemlenga, na hapo anachagua alama: mgunga uliovunjika tawi, kichuguu, jiwe jeupe. Alama ni mbili tu. Moja ya pale mshale ulipoingia, nyingine ya pale mnyama alipopotea machoni. Asipozishika, akishapiga hatua chache kuelekea huko kila kichaka kitafanana na mwenzake, na kazi itakosa pa kuanzia.

Tukisikia habari za uwindaji wa upinde, wengi wetu huulizia shabaha. Tunataka kujua mshale unafika umbali gani, unapenya kiasi gani. Shabaha ni jambo la kufumba na kufumbua. Kazi inayokula mchana mzima, ambayo ndiyo inayoamua kama watu watakula nyama jioni, ni kumfuata mnyama aliyejeruhiwa mpaka mahali alipolala. Wahadzabe wanaifanya kazi hiyo katika nchi kavu inayozunguka Ziwa Eyasi na Bonde la Yaeda, kaskazini mwa Tanzania. Wote kwa jumla ni watu 1,300 hivi, na ni mia chache tu kati yao ambao bado wanaishi hasa kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali.

Zana zao ni chache. Uta ni mti mmoja mrefu unaokaribia kimo cha mwenyewe, mgumu kuvuta. Frank Marlowe, mwanaanthropolojia aliyeandika kitabu juu yao mwaka 2010, alikuta nguvu ya kuuvuta ni sawa na kuinua kilo 30 hivi. Upote wake husokotwa kwa kano za mnyama mkubwa. Wano wa mshale hukatwa kwenye mkole au mti wa jamii yake, ukamenywa ganda, ukapashwa moto na kunyooshwa kwa meno. Mwishoni hufungwa manyoya ya kanga au ya tai, nayo kwa kano. Chembe hutokana na msumari mkubwa uliopatikana kwa majirani, ukagongwa kwa jiwe bila kuupasha moto, mpaka ukapata ubapa na makali.

Kwa mtu wa kufuata damu, chembe ndicho kinachoamua siku itakwendaje. Chembe kipana kisicho na sumu hukata, na mnyama huacha damu nyingi njiani. Chembe chembamba chenye miiba hubaki ndani ya nyama. Nyuma yake wano umepakwa sumu nyeusi, nzito, ambayo Wahadzabe huiita panjube: utomvu wa waridi la jangwani uliochemshwa mpaka ukagandamana. Ipo pia shanjo, itokayo kwenye mbegu za mti mwingine. Zote mbili hushika moyo wa mnyama ukavuruga mapigo yake. Sumu huzungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi ili isikauke, na isimdhuru mwenye kuibeba. Mshale wa namna hiyo unaua kwa hakika zaidi, lakini kidonda chake ni kidogo na damu inayotoka nje ni haba. Anayemfuata mnyama huyo anapewa maandishi machache ya kusoma.

Asubuhi ninayoieleza, aliyepiga alikuwa kijana mmoja aliyetoka peke yake kabla ya jua. Wahadzabe huwinda hivyo mara nyingi, mtu na uta wake, na mgeni mwenye viatu vizito huachwa kambini, kwa haki kabisa. Aliporudi hakutamba. Aliketi karibu na moto, akaomba tumbaku, akavuta, ndipo akasema amegonga kitu. Mjomba wake, mzee mwembamba aliyekuwa akichonga wano, hakuinua uso. Akauliza maswali bila kuacha kisu.

Swala alikuwa amesimama vipi? Ubavu, akiwa ametanguliza kichwa kidogo upande wa mbali. Mshale ulitoa sauti gani? Kijana aligonga kiganja kwenye paja lake, sauti fupi, nzito. Kama ungegonga mfupa ungelia kwa ukali. Aliruka namna gani? Aliruka juu kwa miguu ya mbele, kisha akakimbia na wenzake. Alikunja mgongo? Hapana. Hapo mzee akatikisa kichwa kukubali. Mnyama aliyepigwa tumboni hujikunja, huinamisha kichwa, na mara nyingi huondoka kwa kutembea. Aliyepigwa kifuani huruka na kutoka mbio. Kabla hawajaona hata tone moja, walikuwa wameshapata dhana ya kwanza.

Baada ya hapo hawakuondoka.

Mzee alimaliza wano wake. Aliuweka juu ya makaa, akauzungusha, akaushika kwa meno pale palipopinda, akausukuma kwa mkono mmoja, akaufumbia jicho moja kuutazama kwa urefu. Akarudia. Kijana alilala chini ya kivuli. Kwa mtu wa mjini kusubiri huku ni mateso. Mnyama yuko huko, fisi wapo, jua linapanda. Lakini kuna sababu. Mnyama aliyejeruhiwa asiyesikia kitu nyuma yake hulala chini mapema, kwenye kivuli cha kwanza kinachomfaa, na sumu hufanya kazi akiwa hapo. Akisikia miguu atainuka, atakwenda mbali, na atakwenda akiwa macho. Wawindaji wa upinde wa Marekani wanaofuata kulungu wa mkia mweupe, bila sumu yoyote, wana kanuni kama hiyo: nusu saa ikiwa ni mapafu, saa nne hivi ikiwa ni ini, na kwa tumbo saa nane hadi kumi na mbili, hata kama maana yake ni kurudi kesho. Watu hawa hawajawahi kukutana, lakini mnyama amewafundisha somo moja. Ugumu ni kulitii.

Jua lilipokuwa limekwisha kupanda, tuliondoka. Kijana alitupeleka kwenye alama yake ya kwanza. Hapakuwa na damu. Mzee alichuchumaa na kuanza na ardhi yenyewe: pale kwato zilipochimba wakati mnyama akiruka, udongo umetupwa nyuma, alama mbili za kina kuliko nyingine. Aliziacha, akasogea hatua moja, akainua kitu kati ya vidole. Nywele, chache, zimekatwa safi upande mmoja. Zilikuwa za rangi ya udongo mwekundu upande wa ncha, zikififia kuelekea shinani. Mgongo wa swalapala ni mwekundu wa hudhurungi, ubavu umefifia, tumbo ni jeupe. Nywele nyeupe zingekuwa habari mbaya, kwa kuwa zingesema mshale umepita chini. Hizi zilitoka ubavuni, juu ya kiwiko. Alimwonyesha kijana, akazipeperusha, na tukaendelea.

Tone la kwanza lilikuwa mbali kidogo, jambo la kawaida. Damu huchukua muda kutafuta njia ya kutoka mwilini, na mnyama anakuwa anakimbia. Lilikuwa juu ya jani kavu la mkole, limeshakuwa la kahawia. Hapo ndipo nilipoona ule ufundi mdogo. Wakati wa kiangazi majani hujaa madoa ya kutu na ya ukungu, na damu ikikauka juani hufanana nayo kabisa. Mzee alilamba kidole cha shahada, akasugua doa. Kidole kilitoka kama kilivyoingia. Akaliacha jani, akasugua la pili lililokuwa karibu yake. Hili lilitoa wekundu. Akanusa. Akaendelea kusugua hivyo njia nzima, hata pale mimi niliposhawishika kwa macho tu, na mara tatu au nne wekundu nilioukubali kwa furaha haukuwa damu.

Tone lenyewe lina mengi. Likianguka kutoka kwa mnyama aliyesimama huwa duara, limezungukwa na vitone vidogo pande zote. La mnyama anayetembea huvutika upande mmoja, na vitone vyake hutangulia kule anakokwenda. Rangi nayo ni ushahidi: nyekundu ya kung'aa yenye mapovu madogo hutoka kwenye mapafu, nyekundu iliyoiva, karibu nyeusi, hutoka kwenye ini, iliyochanganyika na majimaji ya kijani, yenye harufu ya chakula kilichotafunwa, ni ya utumbo. Kwenye jani moja lililokuwa kivulini, ambalo jua halikulifikia, kulikuwa na mapovu makavu, matundu madogo madogo yaliyoganda. Kijana aliyaona kabla ya mjomba wake. Hakusema kitu. Alilielekeza jani kwa ncha ya mshale, na mzee akatoa sauti fupi ya kuridhika.

Hakuna aliyekanyaga njia. Kijana alikwenda kulia kwake, mzee kushoto, mimi nyuma nikiwa nimeonywa. Lakini mzee hakubaki upande mmoja. Kila njia ilipopinda alihama, na ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa akitaka nyayo ziwe kati yake na jua. Ukitazama unyayo ukiwa na jua mgongoni, unauona bapa. Ukiutazama jua likiwa mbele, ukingo wake unatupa kivuli, na hata mkwaruzo mdogo unainuka kutoka ardhini. Majani alikuwa akiyatazama pia, ya upande wa kushoto kwa kimo cha goti lake na kidogo juu. Huko ndiko damu ilikopakwa mnyama alipopita. Upande wa kulia hapakuwa na kitu. Mshale haukutokea upande wa pili. Ulikuwa bado ndani, na hiyo ndiyo sababu matone yalikuwa yakizidi kupungua.

Yalipopungua, unyayo ukachukua kazi. Unyayo wa swalapala ni mwembamba, umechongoka mbele, nusu mbili zinazokaribiana, urefu wa sentimita 5 au 6. Swala huyu hana zile kwato ndogo za nyuma ya mguu walizo nazo wanyama wengi wa jamii yake, kwa hiyo hata akididimia kwenye vumbi jingi hukuti vitundu viwili nyuma ya unyayo. Hilo linasaidia kumtenga na wengine. Halisaidii kumtenga na swalapala wenzake, na wenzake walikuwa wengi. Mzee alitafuta mguu mmoja tu: wa mbele, wa kushoto. Kila ulipotua, ncha yake ilikuwa imeburuta vumbi kidogo kabla ya kukanyaga. Mbavu za upande huo zilikuwa na chuma, na mguu haukuinuka sawasawa. Kuanzia hapo hakutazama tena kundi. Aliruka nyayo kumi na tano za swala wengine, kama mtu apitaye sokoni akimtafuta mwanawe, mpaka akaukuta ule mkwaruzo. Mbele kidogo mkwaruzo ukaacha kundi na kushika kushoto, peke yake. Mnyama aliyeumia hufika mahali akashindwa kwenda sambamba na wenzake.

Kisha tukafika kwenye njia ya ng'ombe.

Wafugaji wa Kidatoga hupitisha mifugo yao katika nchi hii wakienda kwenye maji, na kiangazi hupita wengi. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja, hatua kubwa, lakini ng'ombe hasomi hati. Kundi lilikuwa limepita asubuhi hiyo hiyo. Upana wa hatua kama thelathini, ardhi yote ilikuwa unga, kwato juu ya kwato. Tone la mwisho lilikuwa ukingoni, dogo kuliko punje ya mtama.

Mzee alichomeka mshale ardhini kando ya tone lile na kusimama hapo. Kijana akavuka upande wa pili na kuanza kutembea kwa upinde mpana, kutoka kushoto kwenda kulia, akiwa ameinama. Akamaliza, akasogea mbele, akarudia. Hapakuwa na kitu. Akanyoosha mkono kuelekea korongoni, kule miti ilikokuwa mizito. Mnyama aliyejeruhiwa hutafuta kivuli, hupendelea kuteremka kuliko kupanda. Kila mwindaji anajua. Alimwambia mjomba wake jambo, kisha akaniambia mimi kwa Kiswahili, labda akitafuta wa kumuunga mkono: "Yuko kule tu, ndugu. Ataenda wapi?"

"Huenda," mzee alijibu, naye kwa Kiswahili. "Lakini hapa hajapita bado."

Na hakuondoka kwenye tone lake. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko kitu kingine chochote siku ile, kuliko kidole, kuliko macho. Mzee yule aliwinda katika bonde hili kabla kijana hajazaliwa, na bila shaka naye alikuwa na dhana yake juu ya korongo. Hakuikubali wala hakuikataa. Aliiweka kando tu mpaka ardhi iseme. Louis Liebenberg, Mwafrika Kusini aliyejifunza kufuata nyayo kwa Wasan wa Kalahari, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1990 akidai kwamba sayansi yenyewe ilizaliwa katika kazi hii: kubuni jibu, kisha kutafuta alama ya kulithibitisha au kulivunja. Siwezi kusema kama ni kweli kwa historia yote ya binadamu. Naweza kusema nimewahi kukaa na watu waliosoma sana ambao wasingeweza kusimama kwenye tone lile.

Kijana alirudi kuzunguka kwa mara nyingine, duara kubwa zaidi. Safari hii akasimama upande ambao hakuna aliyeutazamia, upande wa kupanda. Jiwe dogo lilikuwa limeng'oka kwenye kitako chake. Upande uliokuwa chini, wenye rangi nzito ambayo haijachomwa na jua, sasa ulikuwa juu. Ng'ombe hawakufika hapo. Aliinama, akaenda hatua mbili, na kuita kwa ulimi, moja ya zile sauti za kudata ambazo Kihadzabe kimejaa. Sisimizi walikuwa wamekusanyika kwenye kitu kidogo cheusi. Kidole, mate, wekundu. Mzee alichomoa mshale wake na kuvuka.

Swala alikuwa amepanda. Hakwenda kwenye maji wala kwenye korongo. Alipanda mgongo wa mwamba wenye mibuyu miwili, akatafuta upepo, na akalala. Malalo yake ya kwanza tuliyakuta tupu: nyasi zimelazwa, na mahali ubavu wa kushoto ulipokuwa pana damu nzito, imekauka pembeni lakini katikati inanata. Mzee aliigusa kwa nyuma ya kidole. Akatazama jua. Akaketi.

Nilidhani anapumzika. Alikuwa anasubiri tena. Damu inayonata ilikuwa na maana kwamba mnyama ameinuka si muda mrefu, pengine alisikia ng'ombe, pengine alitusikia sisi, na hakuna sababu ya kumsukuma. Kijana alitafuna ujiti. Upepo ulitupiga usoni, jambo jema. Tai walikuwa hawajaonekana, jambo jema pia, maana anayechelewa sana hapa humkuta fisi ameshakula. Kati ya kuwahi mno na kuchelewa mno kuna muda mfupi, na anayeupima hana saa wala kanuni iliyoandikwa. Ana damu iliyomgusa kidole, urefu wa kivuli, na miaka.

Aliposimama, hatukwenda mbali. Swala alikuwa ameanguka ubavu nyuma ya mbuyu wa pili, shingo imenyooka. Mzee alimkaribia kutoka mgongoni, mbali na miguu na pembe, na kwa ncha ya uta akamgusa jicho. Halikupepesa. Ndipo kijana naye akasogea.

Wengine waliitwa kutoka kambini kuja kubeba. Kidonda kilikuwa kidogo mno, nisingekiona bila kuonyeshwa. Nyama inayokizunguka ilikatwa na kutupwa, kwa sababu ya sumu. Iliyobaki haina neno. Kijana alikitoa chembe kwa kisu, akakifuta kwenye nyasi, akaona kimepinda ncha, na akakinyoosha hapo hapo juu ya jiwe. Chuma ni haba, hakitupwi. Maini yalichomwa kwa moto uliowashwa pale pale, yakagawanywa kwa waliokuwepo, nami nikapewa changu.

Wakati wenzake wakichuna, mzee alimwita mpwa wake, na wakashuka mwamba hadi kwenye njia ya ng'ombe. Niliwafuata. Alimsimamisha pale mshale ulipokuwa umechomekwa na kumwambia atafute, kwa sababu swala alivuka, na anayevuka huacha kitu. Kijana alitazama ardhi kwa muda mrefu, unga mtupu. Mzee hakumsaidia. Mwishowe kijana aliinua macho kutoka chini, akaanza kutazama kichaka kimoja kilichobaki katikati ya njia, kilichotafunwa na ng'ombe mpaka kikabaki vijiti. Kwenye kijiti cha kushoto, upande wa chini, kwa kimo cha goti, palikuwa na mstari mwembamba wa kahawia. Alilamba kidole na kuugusa.